Boriti nzito juu ya ukuta wa udongo: kuchagua, kukata na kupandisha

Ufa ulianza mwembamba kama unywele, chini kidogo ya ncha ya boriti, ukashuka mshazari hadi kona ya dirisha la chumba cha watoto. Nilichukua penseli nikaweka alama pale ulipoishia, nikaandika tarehe. Baada ya wiki tatu niliweka alama nyingine, vidole vinne chini ya ile ya kwanza. Ukuta wenyewe haukuwa na shida: matofali mabichi niliyafyatua mwenyewe hapa Igombe, Mwanza, kwa udongo wa kichuguu na mchanga, yakakaushwa mwezi mzima. Boriti nayo ilikuwa safi. Kosa lilikuwa pale viwili hivyo vilipokutana. Nilikuwa nimelaza mti uliobeba nusu ya paa juu ya tofali moja, tena juu ya dirisha.

Mwongozo huu nauandika kwa anayejenga mwenyewe nyumba ya chini, kuta za udongo zenye unene wa sentimita 40 hivi, vyumba vya upana wa mita 4, paa la bati. Kama unataka ghorofa, au paa la udongo kama la tembe, hesabu zangu hazitakufaa. Paa la tembe likinyeshewa lina uzito wa kutisha, mtafute mhandisi.

Kabla ya msumeno, elewa tabia ya ukuta wako. Udongo unavumilia sana kukandamizwa, mradi uzito umetandazwa. Hauvumilii mzigo ulioelemea sehemu moja, na kusukumwa kwa pembeni ndiyo kabisa. Mikato yote nitakayoieleza inatokana na hapo.

Kwanza, jua mzigo unaangukia wapi

Kenchi za mbili kwa nne zinazouzwa kila kona ya Mwanza ni nyepesi na rahisi, lakini zikipigwa na fundi mvivu asiyeweka ubao wa kuzishika chini, miguu yake hutanuka na kusukuma kuta nje. Ukuta wa tofali za saruji wenye lenta unaweza kuficha kosa hilo. Wa udongo utakusengenya mwaka wa kwanza.

Mimi nilichagua njia ya zamani. Unalaza boriti moja nene kwenye kilele cha paa, kutoka ukuta wa kati hadi ukuta wa mwisho. Wazee wa pwani huiita mwamba, jina ambalo huku kwetu lina utani wake, maana mwamba kwa mtu wa Mwanza ni lile jiwe lililokaa juu ya jiwe jingine tangu babu yake azaliwe. Makombamoyo, yaani mbao zinazoshuka kutoka kileleni kwenda ukutani, yanakalia mwamba huo kwa juu na kuning'inia kwake. Hayasukumi kitu. Chini yanakalia mti mwingine uliolazwa juu ya ukuta kwa urefu wake wote: mtambaapanya. Jina linajieleza lenyewe, na ukilala usiku chini yake utajua waliolitunga hawakukosea.

Chora nyumba yako kwenye karatasi, kisha weka msalaba kila mahali ncha ya boriti itakapotua. Msalaba ukiangukia juu ya mlango au dirisha, sogeza dirisha. Kwenye karatasi linasogea bure. Mimi nililisogeza kwa sululu.

Na kama kiwanja kiko ufukweni, pima kwanza umbali wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kuliko ilivyokuwa 1964, na tuliokuwa tunalalamikia mita 60 tukanyamaza. Udongo uliokaa kwenye maji unarudi kuwa tope. Msingi uwe wa mawe, ambayo hapa hatuna shida nayo, unyanyuke walau sentimita 45 juu ya ardhi.

Unene wa boriti

Kanuni ninayoitumia kwa mwamba wa paa la bati: gawa upana wa chumba kwa 20, jibu ndilo kimo cha boriti. Mita 4 inakupa sentimita 20, yaani inchi 8. Kwa paina chukua 6 kwa 8. Kwa mkaratusi mgumu 4 kwa 8 inatosha.

Inchi 8 zisimame wima. Naliandika kwa sababu nimeona boriti nzuri zimelazwa chali kama godoro ati "zikae vizuri". Ukiisimamisha 4 kwa 8, inabeba mara mbili ya ilivyolala, na ukakamavu wake ni mara nne. Ni mti uleule, hela ileile.

Gogo la mviringo lisilopasuliwa nalo ni zuri, tena lina nguvu zaidi kwa unene wake kwa kuwa nyuzi zake hazijakatwa. Tatizo lake ni kwenye kuunganisha. Kwa mara ya kwanza nunua iliyopasuliwa mraba.

Sasa urefu. Chumba mita 4, jumlisha sentimita 30 za kukalia ukuta kila upande, ni mita 4.6. Kwa paina agiza futi 16. Kwa mkaratusi agiza futi 18, maana mkaratusi ukishakatwa hupasuka nchani kwa hasira zake wenyewe, na karibu futi moja kila upande utaitupa.

Mti gani, na utoke wapi

Paina tunapata kwenye mashamba ya miti ya serikali: Buhindi kule Buchosa, na Rubya kisiwani Ukerewe, yote chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ya Buhindi zamani ilibidi isubiri kivuko Busisi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, lori linapita moja kwa moja. Mkaratusi uko kwenye mashamba ya watu binafsi kila mahali, Misungwi, Magu, Sengerema. Mninga ni mti wa sifa, lakini kuuweka juu ya dari ambako hakuna atakayeuona ni kujionyesha kwa panya. Weka akiba mninga kwa vipande vidogo nitakavyovitaja.

Usinunue bila karatasi. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, mazao ya misitu yanavunwa kwa kibali na kusafirishwa kwa hati yake. Anza ofisi ya kijiji au mtaa, watakuelekeza kwa ofisa misitu wa wilaya. Mtu akikuambia "hiyo mbao tutaipitisha usiku", ujue kwenye kizuizi mwenye mbao atakuwa wewe.

Ukifika kwenye mbao, fanya hivi. Piga magoti nchani, funga jicho moja, tazama kama unalenga bunduki. Mti uliopinda upande mmoja tu unafaa, nitakuambia kwa nini. Uliojisokota kama kamba uache hapo hapo, hata kwa nusu bei. Tazama nyuzi kwenye uso wa mbao: zikipita mshazari kutoka ukingo huu hadi ule, mti huo utavunjika siku moja bila hodi. Vifundo vidogo si neno, ila kifundo kikubwa kama kikombe kilicho ukingo wa chini, katikati ya urefu, ndipo mahali pabaya kuliko pote, maana upande wa chini wa boriti huvutwa na katikati ndipo unapovutwa zaidi. Mwisho tazama rangi ya nchani. Sehemu nyeupe ya nje ndiyo chakula cha mchwa na bungua. Kadiri kiini cheusi kilivyo kikubwa ndivyo utakavyolala usingizi.

Kukausha

Hapa wengi tunadanganyana. Mbao ya inchi moja inaweza kukauka kwa msimu mmoja wa kiangazi. Boriti ya inchi 6 haikauki mwaka huo, na hakuna mwenye kiwanja Mwanza atakayesubiri miaka sita. Kwa hiyo tunafanya kazi na mti uliokauka nusu, huku tukijua utafanya nini ukiwa juu.

Utapungua unene na kimo. Boriti ya inchi 8 iliyopandishwa mbichi inaweza kupoteza sentimita moja na zaidi. Urefu wake karibu haubadiliki, hivyo kipimo cha urefu ulichokata leo utakikuta mwakani. Utapasuka pia kwa nyufa za urefu kufuata nyuzi. Nyufa hizo zikikaa kwenye uso wa mbao zisikutoe roho. Zikitoka upande mmoja hadi wa pili kwenye ncha, hapo ndipo ushtuke.

Panga boriti kivulini juu ya mawe, futi moja na nusu kutoka ardhini. Kati ya boriti na boriti weka vijiti vya inchi moja kila baada ya futi mbili, vijiti vipangwe mstari mmoja toka chini mpaka juu, la sivyo mbao zitapinda kufuata makosa yako. Funika juu kwa mabati, pembeni acha wazi upepo upite. Usifunge turubai pande zote, utapika ukungu. Ncha zipake rangi nzito ya mafuta siku hiyo hiyo ya kupasuliwa, kesho umeshachelewa. Maji ya mti hutoka upesi zaidi nchani, na hapo ndipo mpasuko huanzia.

Kuhusu oili chafu ya gari ambayo kila mtu hupaka: inanuka miezi, inachafua udongo wa ukuta na plasta haishiki juu yake. Mchanganyiko wa boraksi na maji moto, ukipakwa mara mbili tatu kwenye mti ambao bado una ubichi, unaingia ndani na mdudu hapendi. Lakini unaoshwa na mvua, kwa hiyo ni kwa miti iliyo chini ya paa tu. Nguzo za baraza, zinazorushiwa maji, ziwe za mti uliotiwa dawa kiwandani. Vipande vya mti huo usivichome jikoni hata siku moja, jivu lake ni sumu.

Vyombo

Msumeno wa mkono uliotiwa makali, patasi ya inchi moja na nusu na nyingine ya inchi moja, nyundo ya mti, keekee au drili, skwea ya chuma, timazi, shoka dogo na tezo. Msumeno wa mnyororo ni wa kupunguza urefu tu, usiukatie maungio. Jiwe la kunolea liwe mfukoni. Patasi butu ndiyo inayokata watu, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu zako zote nayo inateleza.

Kimoja cha ziada kinashinda pimamaji yoyote ya dukani: mpira mwembamba unaoona ndani, mita 12, umejazwa maji bila povu. Maji ya ncha mbili yanalingana daima, hata kama kati yenu kuna ukuta na mbuzi.

Kupima na kuweka alama

Mikato migumu nilifundishwa na fundi wa mitumbwi. Nilimtafuta makusudi. Maseremala wa fanicha wanajua gundi na msasa, ila mtu anayeunga mbao za mtumbwi ziwakabili mawimbi ya ziwa hili, na watu wakiwa ndani, anajua maungio yanapobeba mzigo yanakuwaje. Alikuja asubuhi, tukaamkuana kwa Kisukuma, mwangaluka, akakuta nimeshapima boriti zote nne na kuziandika namba kwa chaki. Akaniuliza, "Mwalimu, umepima ukuta au umepima mchoro?"

Nilikuwa nimepima mchoro. Tulipopanda na utepe, ukuta mmoja ulikuwa umekula sentimita tatu ndani. Udongo ndivyo ulivyo. Hakuna kuta mbili za mkono zinazolingana. Ndiyo maana kila boriti inapimiwa mahali pake na inaandikwa jina la mahali hapo: "kati mashariki", "kati magharibi".

Mbinu aliyonionyesha ni kuachana na utepe. Chukua ufito mrefu mnyoofu, ulaze juu pale pale boriti itakapokaa, kata alama kwa kisu kwenye ufito: ukingo wa ndani wa ukuta huu, ukingo wa ndani wa ule, mwisho wa kukalia hapa na pale. Ushushe ufito, ulaze juu ya boriti, hamisha alama. Husomi namba, kwa hiyo huna namba ya kukosea wala ugomvi wa inchi na sentimita, ambao kwenye utepe wa pande mbili umeshaharibu mbao nyingi za watu.

Kabla ya kuhamisha, geuza boriti upate mgongo wake. Ile iliyopinda upande mmoja, kipindo kitazame juu, kama mgongo wa paka. Uzito wa paa utaishusha kidogo ikaja kunyooka. Ukikigeuza chini, dari lako litaonekana limeshiba. Andika JUU kwa herufi kubwa, kisha chagua uso mmoja ulionyooka zaidi uwe uso wa kuanzia vipimo vyote. Mistari mirefu piga kwa uzi uliosuguliwa mkaa: mmoja ashike huku, mwingine kule, wa tatu auvute juu katikati na kuuachia. Mstari wa skwea zungusha pande zote nne za mti. Ukirudi ulipoanza na mistari ikakosa kukutana, mti wako si mraba. Jua hilo sasa kabla hujakata.

Kukata ncha

Ncha za mwamba zinazokalia ukuta, mkato bora ni kutokata kitu. Boriti ikae kwa kimo chake chote. Watu hupenda kuitoa pengo chini ya ncha ili ilingane na ukuta, na pengo hilo, likiwa na kona kali ya skwea, ndilo linaloanzisha mpasuko unaokimbia katikati ya boriti kufuata nyuzi. Kama huna budi, usizidi robo ya kimo, inchi mbili kwa boriti ya inchi 8, na mwisho wa pengo uupande taratibu kwa mteremko, usiwe ngazi. Katikati ya boriti, upande wa chini, usikate, usitoboe, usipige hata msumari wa kutundikia taa.

Pale boriti mbili zinapokutana kichwa kwa kichwa, zikutane juu ya ukuta wa kati, kamwe zisikutane hewani. Nazo nusu kwa nusu: kila moja inapunguzwa nusu ya upana wake kwa ubavu, kwa urefu wa sentimita 30, zinalala zikigusana mbavu na bolti mbili zinapita. Kwa kupunguza upana badala ya kimo, kila ncha inabaki na inchi zake 8 za kusimama. Ila nafasi ya kukalia ipange tangu kwenye ufito, ili zote mbili zifike upande wa pili wa ukuta.

Mtambaapanya ni kazi nyepesi, 2 kwa 6 ikilala chali. Kwenye kona za nyumba unakata nusu ya unene kwa kila mmoja, zikipandana zinalingana, na pete hiyo inayozunguka nyumba nzima ndiyo inayoshika kuta zisiachane. Usiikate kwenye kona kwa uvivu.

Ulimi na tundu la nguzo za baraza

Hapa ndipo kwenye starehe yote ya kazi hii. Boriti ya baraza inakalia nguzo, nguzo inatolewa ulimi juu na boriti inatobolewa tundu chini. Ndiyo, nimesema usitoboe chini ya boriti. Juu ya nguzo panabanwa, hapavutwi, kwa hiyo panaruhusu.

Ulimi uwe theluthi ya unene wa nguzo. Nguzo ya inchi 6, ulimi inchi 2, urefu inchi 3. Anza na tundu, ulimi baadaye, kwa sababu ulimi ni rahisi kupunguza, tundu lililozidi halirudi. Toboa kwa keekee mashimo yaliyoshikana kando kwa kando ndani ya alama, usifike kwenye mstari. Kisha patasi.

Fundi alinikalisha juu ya boriti yenyewe, miguu huku na huku kama napanda baiskeli, akanipa patasi. Upande ulionyooka wa patasi uelekee ukuta wa tundu, ule wenye mteremko uelekee taka. Kwanza katiza nyuzi kwa kupiga patasi kukingama, ndipo ung'oe kufuata nyuzi. Ukianza na kufuata nyuzi, kipande kitang'oka na cha jirani. Alikuwa ananisikiliza bila kuniangalia, ananoa patasi yake. Mlio wa patasi ukiwa mzito na mfupi, inakata. Ulipogeuka ukawa wa juu, kama kugonga sahani, alinyoosha mkono bila kusema akaichukua, akainoa mara sita saba jiweni, akaijaribu kwenye nywele za mkono wake, akanirudishia.

Ndani ya tundu, sakafu iwe na kina cha nusu inchi zaidi ya ulimi. Mabega ya nguzo ndiyo yabebe, ulimi ubaki kushika tu. Ulimi ukigusa sakafu kabla mabega hayajakaa, uzito wa baraza lote unasimama kwenye inchi mbili za mti.

Kigingi kiwe cha mninga uliokauka kabisa, unene wa robo tatu ya inchi. Toboa kwanza shimo la boriti. Ingiza ulimi, bonyeza ncha ya keekee ipate alama juu ya ulimi, toa nguzo, kisha toboa ulimi milimita 3 karibu zaidi na mabega kuliko alama ilivyo. Kigingi kilichochongwa ncha kikipigwa kwenye mashimo hayo yasiyolingana, kinavuta nguzo na boriti vibanane. Utaona mwanya wa mabega ukijifunga mbele ya macho yako. Hakuna msumari unaofanya hivyo.

Mkaratusi usiupige msumari wowote bila kuutoboa kwanza. Utapasuka, au msumari utapinda, mara nyingi vyote.

Kiti cha boriti

Sasa turudi kwenye ufa wangu. Kila ncha ya mwamba kwa vipimo hivi inaweza kushusha nusu tani na zaidi wakati mafundi wako juu ya bati. Uzito huo usiguse udongo moja kwa moja. Tengeneza kiti: kipande cha mninga au mti mgumu, unene inchi 3, upana sentimita 30, urefu sentimita 60 kufuata ukuta. Kilaze kwenye tope laini la kujengea, si juu ya tofali kavu, ili kigusane na ukuta kote. Hakikisha usawa kwa mpira wa maji kati ya viti vyote kabla tope halijashika.

Kiti kirudi nyuma sentimita 5 kutoka uso wa ndani wa ukuta. Boriti ikibeba hujipinda kidogo, na ikijipinda ncha yake huegemea ukingo wa ndani. Ukingo huo ukiwa wa udongo utamomonyoka kila mwaka, vumbi likiangukia kitandani.

Ukuta uwe umepumzika. Subiri wiki nne baada ya mstari wa mwisho wa matofali, zaidi kama ni udongo ulioshindiliwa, maana ukuta mbichi unashuka. Ukianza kuta mwezi wa sita, boriti zinapanda mwezi wa nane au wa tisa na bati linakuwa juu kabla ya vuli.

Ncha ya boriti iliyoingia ukutani iache ipumue. Mwanya wa vidole viwili pembeni, juu na nyuma. Usiuzibe kwa saruji. Saruji inashika unyevu unaotoka kwenye udongo na kuulisha mti, na baada ya miaka michache unakuta boriti nzima kwa macho, ndani ya ukuta uji. Mwanya huo pia ndio dirisha la kumwona mchwa: njia zake za udongo zikijitokeza pembeni ya kiti, unaziona kwa tochi.

Kupandisha

Boriti mbichi ya mkaratusi ya futi 18 inazidi kilo mia. Watu sita, na mmoja wa saba asiyebeba, kazi yake ni kusema. Amri itoke mdomo mmoja. Walete asubuhi na mapema, kabla upepo wa ziwani haujaamka mchana, na wingu jeusi likionekana upande wa maji, ishusheni mkanywe uji.

Egemeza magogo mawili ukutani kama reli, ukingo wa ukuta ukiwa umelindwa kwa mbao ili usivunjwe. Boriti inalazwa chini ya reli, kamba mbili zinafungwa juu, zinapita chini ya boriti na kurudi kwa wavutaji walio juu ya jukwaa, jukwaa lisimame lenyewe lisiegemee ukuta. Wakivuta, boriti inabingirika kupanda, na kwa kuwa kamba imekunjwa hivyo wanavuta nusu ya uzito. Wawili chini wanafuata na miti ya kuzuia isirudi. Hakuna anayepita mbele ya boriti iliyo kwenye reli, hata kuokota kofia.

Kuivusha kutoka ukuta huu hadi wa pili, tumia nguzo tatu zilizofungwa kichwani katikati ya chumba, kamba ishike boriti mbele kidogo ya nusu. Hapo polepole ndiyo haraka yenyewe.

Ikishakaa kwenye kiti, ifunge. Dhoruba za ziwa hupiga zaidi usiku na alfajiri, na upepo unaoingia chini ya bati hunyanyua. Waya mnene wa milimita 4 usioshika kutu uwe umepitishwa ukutani mistari mitano ya matofali chini ya kiti wakati wa kujenga, ncha zikiachwa zinaning'inia. Zungusha juu ya boriti, sokota kwa nondo fupi hadi ikaze, si zaidi. Waya kama huo upite kila mita moja kufunga mtambaapanya. Upenu wa paa utoke walau sentimita 75, upande unaotazama ziwa mita nzima.

Baadaye

Rudi baada ya miezi sita na spana. Mti umekonda, bolti zimelegea, kaza. Rudi tena baada ya mwaka. Waya zilizolegea sokota nusu mzunguko. Pita kila kiti na tochi.

Ile boriti yangu tuliinyanyua kwa jeki mbili za lori juu ya magogo, milimita kumi tu, tukatoa tofali tatu zilizopondeka, tukaingiza kiti cha mninga, na dirisha nikalijenga upya sentimita 80 upande wa kushoto. Ufa niliujaza udongo uleule uliochekechwa. Nimeacha alama mbili za penseli na tarehe zake bila kupaka rangi juu, na ya tatu sijaiweka bado.